Mwaka Niliofuta Namba ya Mama

Kwanza nikiri, maana hata nisipokiri Wawira atawaambia: mimi ndiye niliyefuta namba ya simu ya mama yangu kwenye tovuti ya duka la mama yangu. Haikufutika yenyewe, na wala si makosa ya mtandao. Ni mimi, kwa kidole hiki hiki ninachoandikia, nilizifuta tarakimu zake moja moja nikaweka zangu. Halafu wiki chache baadaye nikaizima simu yangu, nikaisukuma ndani ya kiatu cha mpira chini ya kitanda kule nyumbani mtaa wa Majimbo, mjini Embu, nikapanda kwenda Meru kwenye shule ya bweni ambako simu ni haramu kuliko sigara. Kama yupo mtu aliyeongoza darasa kwenye somo la kompyuta halafu akafanya upumbavu mkubwa kuliko huo, naomba nijulishwe, nitamchapia cheti mwenyewe.

Ninaandika haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Sasa niko kidato cha nne, nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, na chuo kikuu kilikuwa na mahafali, siku ambayo Embu nzima hutaka maua ndani ya saa moja. Nilikuwa sakafuni nikikunja ribeni. Mzee mmoja akasimama ng'ambo ya barabara, koti la kijivu, kofia mkononi. Akavaa miwani, akatoa simu, akabonyeza polepole kama anayetegua bomu. Simu ya mama ikalia mezani.

"Haloo! Maua!" mama akasema, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe.

"Ni Mugambi wa Mitunguu," mzee akasema, na tulimsikia mara mbili, kwenye simu na kupitia mlangoni.

"Nimekuona, mzee. Si uingie?"

"Nitaingia. Nilitaka kwanza kujua kama inashikwa."

Akakata, akavuka barabara. Mimi tayari nilikuwa nimechutama nyuma ya ndoo ya gladioli, kijana mrefu kuliko mlango wa choo cha shule, najificha nyuma ya maua. "Ireri, toka huko," Wawira akasema bila kunitazama. "Hizo maua hazijakosea mtu." Sasa niwaeleze kwa nini mzee mzima alipiga simu kwa mtu anayemwona kwa macho yake. Mambo ya ukoo nitayaruka, hayahusiki hapa. Kinachohusika ni chumba kimoja, simu mbili na mwaka wangu wa kidato cha pili, ambao nikiukumbuka bado nasikia kuumwa na meno.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kinyozi kabla hakijawa duka la maua. Kinyozi alipohama aliacha vioo vyake, kwa sababu alikuwa amevigandisha ukutani kwa simenti, kwa hiyo ndoo moja ya maua ya rosi ilionekana kama ndoo tatu, na mteja akiingia anadhani tuna shamba. Huo ndio ulikuwa uongo pekee wa mama kibiashara. Nje, fundi wa mabango alikuwa ameandika MAMA IRERI MAUA kwa rangi nyekundu, na chini yake namba ya simu, ila nafasi ilimwishia, tarakimu mbili za mwisho zikapanda juu kama kuku kwenye ua. Ndani kulinukia maji ya mashina, chai ya kwenye thermosi, na viazi vitamu ambavyo Wawira alivichemsha kwenye jiko la nyuma ya pazia. Wawira ni mfanyakazi wa mama, na mdomo wake haujawahi kuajiriwa na mtu, unajifanyia kazi wenyewe. Mama alikuwa na kabambe, ile simu ya vitufe yenye tochi, imefungwa kwa raba mgongoni ili betri isitoke. Aliishika kabla haijalia mara ya pili, hata akiwa amebana waya kwa meno. Na kila aliyepiga aliulizwa maswali matatu, yale yale, kwa mpangilio ule ule: ni ya nini, ni ya lini, na mwenyewe anapenda nini. Majibu aliyaandika kwenye kitabu cha mazoezi cha shule. Kama ni mazishi aliongeza la nne, mwili unatoka mochari saa ngapi, maana mochari haikuwa mbali nasi na yeye alipenda kuwa getini na maua kabla ya familia kufika, ili watoto wa marehemu wasije wakasimama wakitazama barabara.

Siku moja nilimsikia akiuliza, "Na marehemu alipenda nini?" Upande wa pili kukawa kimya. Mama alingoja tu, simu sikioni, Wawira naye akaacha kutafuna, mpaka nikaisikia ile sauti ndogo ikisema, "Alipenda rangi ya njano." "Haya," mama akasema, "njano tutapata." Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliona huko ni kupoteza wakati. Dunia nzima inaagiza vitu kwa kubonyeza, mama yangu anangojea watu wamalize kupumua. Leo ningependa kurudi pale nimkanyage yule kijana mguu.

Desemba hiyo Bwana Muriuki wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti, aliniachia nitumie kompyuta ya pembeni, ile yenye herufi E iliyong'oka, mradi nimsaidie kubana vijitabu vya mazishi. Saiba yake iliishi kwa marehemu: picha mbele, wasifu katikati, ratiba nyuma, nakala mia. Mimi nikibana pini huku nikijenga tovuti. Sikutaka tovuti ya duka la Mama Ireri. Nilitaka tovuti ya duka ambalo mtu hawezi kukisia kwamba nyuma ya pazia kuna viazi vitamu. Kwa hiyo nikaliita Petalopolis. Msiniulize. Nikaweka petali zinazoanguka kutoka juu ya skrini bila kukoma, mpaka zikafunika maandishi. Nikaweka muziki unaoanza wenyewe ukifungua ukurasa, dansi niliyoichanganya mwenyewe, yenye honi. Nikachukua picha kwenye tovuti za ng'ambo, maua nisiyojua hata majina yake, mengine yamepigwa picha kwenye theluji. Nikaandika sehemu ya Maua ya Kuomba Msamaha: Dogo, umesahau siku yake ya kuzaliwa. Kati, umeonekana. Kubwa, amesoma simu yako. Nilicheka peke yangu mpaka Bwana Muriuki akaniuliza kama niko sawa. Halafu nikaweka fomu ya oda yenye visanduku kumi na kimoja, kikiwemo cha faksi, kwa sababu fomu niliyoiiga ilikuwa nacho. Ukimaliza kuijaza na kuituma, ukurasa ulikujibu wenyewe, papo hapo, kwa herufi za dhahabu: "Oda imepokelewa! Tulia, maua yako njiani." Pembeni kuna kikatuni kimevaa miwani nyeusi.

Mama alikuja kuitazama na aproni yake ikiwa bado imelowa. Alisimama mbele ya skrini mikono nyuma, kama mgeni rasmi.

"Hizi maua ni za nani?"

"Ni zako, mum."

"Zangu ziko wapi hapa?"

"Hiyo ni mifano tu."

"Mtu akitaka hii inafanana na kabeji nyekundu, nitaitoa wapi?"

"Utamwambia imeisha."

"Kwa hiyo hata hatujafungua na nishaanza kudanganya watu." Akasogea karibu. "Petaro nini? Hii ni jina ya dawa? Mtu akitafuta hii jina mjini ataonyeshwa wapi, na bango inasema Mama Ireri?" Nikasema hiyo inaitwa chapa. Akasema sawa, chapa, na namba yake ya simu iko wapi. Nikasema watu watajaza fomu.

"Fomu? Wanachukua kitambulisho?" Bwana Muriuki akacheka, na hilo liliniuma. Lakini mama hakuwa anafanya mzaha. "Sikiza, Ireri. Mtu wa maua ni mtu wa aina mbili. Ana haraka ama ana machozi. Huyo atajaza fomu saa ngapi? Weka namba."

Nikaiweka, yeye akitazama. Akaihakiki tarakimu moja moja kwa kidole, akaacha alama ya maji kwenye kioo, akatoka ameridhika. Mlango ulipofungwa nikaifuta. Nawaambia ukweli ambao sikumwambia hata padri: nilimwonea aibu. Nilimfikiria mtu wa maana, mtu wa gari la vioo vyeusi, ameona Petalopolis, amepiga simu, halafu anajibiwa na mama anayepaza sauti kana kwamba Nairobi iko mbali na inabidi apige kelele ili ifike, akichanganya Kiembu na Kiswahili na Kiingereza cha kanisani. Nikaona bora simu iwe yangu, na oda za fomu nazo ziingie huko huko. Nina sauti nzito, nilikuwa nimeipata mwezi huo huo.

Desemba nzima ilikuja oda moja. Ilitoka kwa Mutembei, rafiki yangu wa darasani, ikiomba Msamaha Kubwa upelekwe kwa dipti, naibu mwalimu mkuu wa shule yetu, na kwenye kisanduku cha faksi alikuwa ameandika "nyama". Nikawakasirikia watu wa Embu. Nimewajengea jiji la petali, wao wanataka kupunga mkono dirishani waulize kama kuna maua. Shule ilipofunguliwa Januari nilikuwa nimeshaamua kwamba tovuti imekufa, nikaiacha simu kwenye kiatu bila kumwambia mtu. Sikujua kwamba Bwana Muriuki, mtu mwema, alikuwa amechapa karatasi na kuibandika juu ya meza ya vijitabu vya mazishi: "Oda ya maua sasa ni rahisi, fungua Petalopolis." Na kila familia iliyokuja kuchapa wasifu, kwa macho mekundu na picha ya marehemu ndani ya bahasha, aliielekeza huko. Alidhani anamsaidia mama.

Shuleni kulikuwa na simu moja ya kadi, ukutani karibu na jikoni, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya chakula. Wiki ya nne hivi nilifika mbele. Nina dakika mbili, nyuma yangu kijana wa kidato cha tatu ananihesabia sekunde kwa sauti. Nikaagiza sabuni, nikaagiza siagi ya karanga, nikalalamika kuhusu maharagwe. Mama akasikiliza yote, kisha akauliza, "Na ile tovuti yako, watu hufungua?" Nikaikumbuka simu. Niliikumbuka wazi kabisa, ikiwa gizani ndani ya kiatu. Ningesema: mum, chini ya kitanda, kiatu cha kushoto, mpe Wawira aiwashe. Ni maneno ambayo yasingemaliza hata sekunde kumi. Nikasema, "Iko tu sawa, mum." Kadi ikaisha. Nikirudi bwenini nilijiambia hakuna mtu anayeagiza hata hivyo, Mutembei tu, na Mutembei yuko hapa, analala kitanda cha juu yangu na anakoroma.

Nilirudi nyumbani kwa likizo fupi mwishoni mwa Februari, nikapita dukani kwanza, njaa ikinituma kwenye jiko la nyuma ya pazia. Ndoo nyingi zilikuwa zimepinduliwa, zimekaushwa, na vioo vya kinyozi vilionyesha ndoo tupu mara tatu. Viazi havikuwepo. Kulikuwa na githeri ya jana, na Wawira akanipakulia akisema nile haraka kwa sababu siku hizi yeye huja siku tatu tu kwa wiki na hii si mojawapo, amepita tu kusalimia. Nikaketi nyuma ya pazia na sahani, yeye na mama wakadhani kijana akila hasikii.

"Labda watu wa Embu wameacha kufa," Wawira akasema.

"Hawajaacha. Naona magari ya mochari yakipita hapa yakiwa na maua za kwingine. Ingine hata haina maua." Nikasikia kurasa zikifunguliwa. "Kuna mtu nilikosea. Hii kitu huanza na mtu mmoja, anaenda kusema kanisani."

"Si ile harusi rangi ya ribeni ilikataa?"

"Hao walinishukuru. Hapana. Soma ukurasa unaofuata."

Walikuwa wanakipitia kile kitabu cha mazoezi, jina kwa jina, tangu mwaka uliotangulia, wakimtafuta mtu ambaye mama alimkosea. Nilipandwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda. Niliwakasirikia wateja, nikaikasirikia githeri. Nikaenda nyumbani, nikavuta kiatu cha kushoto, nikachomeka simu kwenye umeme, ili tu nisikilize muziki. Ilichukua muda kuamka. Ilipoamka ilitetemeka, ikatetemeka tena, ikaendelea mpaka ikajisukuma yenyewe ukingoni mwa meza, na nikaidaka ikianguka.

Oda kumi na saba. Na kati yake jumbe na simu zilizokosa kushikwa, na watu waliouliza Petalopolis iko jengo gani, wamezunguka mji mara mbili na hakuna aliyewahi kuisikia. Zote nilizisoma, lakini ninayoikumbuka kwa moyo ni ya msichana aliyeitwa Makena, wa Mitunguu. Alikuwa amejaza visanduku vyote kumi na kimoja. Kwenye kisanduku cha faksi alikuwa ameandika "sina, samahani". Alitaka mashada matano ya mazishi ya mama yake, Ijumaa, mochari ya Embu, saa tatu asubuhi. Kwenye sehemu ya maelezo aliandika, bila kuulizwa na mtu: "Mama alipenda maua meupe." Halafu zikafuata jumbe za siku hiyo ya Ijumaa. Tumefika mochari, mko upande gani? Mbona namba haipatikani? Gari linataka kuondoka. Tumewangoja saa nzima getini. Kisha mchana, kutoka Mitunguu: Emsii ameita watoto waje waweke maua. Na baada ya huo, mmoja wa mwisho, neno moja tu. Sawa.

Ingekuwa ametukana ningepumua. Mimi ni mtu wa matusi, nayajua, najua pa kuyaweka. Lile "sawa" sikujua niliweke wapi. Mnajua jinsi mazishi ya kwetu yanavyokwenda: jeneza likishashuka na udongo ukishajaa, emsii anasimama na kipaza sauti na kuita kwa zamu, mume wa marehemu, watoto, wajukuu, akina mama wa kanisa, na kila kundi linakuja na shada lake mbele ya watu wote, na watu wanatazama mikono. Nilikaa kitandani nikiitazama simu. Niliweza kufuta zote. Ilikuwa kazi ya vidole viwili na hakuna ambaye angejua kamwe, na niseme ukweli, niliweka alama kwenye oda zote kumi na saba na kile kisanduku kidogo cha kufuta kikatokea.

Nikasema nitaamua kesho. Kesho yake asubuhi nikaenda dukani, nikakuta mama amebadilisha mbinu. Ameshindwa kumpata kwenye kitabu aliyemkosea, kwa hiyo ameamua kuwapigia wote. Nilifika akiwa amesimama katikati ya vioo, kabambe sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini. "Mama Njoki, habari ya nyumbani. Ni mimi wa maua. Nilitaka tu kuuliza, dada yangu, kama kuna mahali nilikukosea. Hapana, niambie tu. Sitakasirika."

"Mum," nikasema, "kata hiyo simu."

Hakupiga kelele nilipomweleza ya namba, ya kiatu na ya oda kumi na saba. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, nilikuwa hata nimekaa karibu na mlango. Alivuta kigoda, akafungua kitabu ukurasa mpya, akalowesha kalamu kwa ulimi, akaniambia nisome. Zote. Jina, siku, ni ya nini. Nikasoma, naye akaandika kana kwamba zimeingia asubuhi hiyo. Harusi ya Kithimu. Mazishi. Mazishi. Ubatizo. Mazishi. Wawira alisimama na ufagio, na kila jina alilolijua aliguna. Nilipofika kwa Makena nikasoma mpaka "Mama alipenda maua meupe" na nikataka kuishia hapo. "Endelea," mama akasema. Nikasoma hadi mwisho. Akaandika hata lile neno la mwisho.

"Hiyo Ijumaa," akasema akimtazama Wawira, "si ndiyo ile nilikuwa na ndoo mbili za lili?"

"Ndiyo. Zikaoza. Tulimwagia mbuzi wa jirani."

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa," mama akasema. "Kutoka hapa mpaka getini ningeenda kwa miguu na zote kichwani." Akafunga kitabu. "Kesho tunaenda Mitunguu. Wewe ndiye utaongea."

Alitengeneza shada usiku sijui saa ngapi, mimi nililikuta asubuhi limefunikwa kwa gazeti lililoloweshwa. Mitunguu kuna joto ambalo sisi watu wa bwenini Meru hatulijui, migomba pande zote, maji yakikimbia kwenye mifereji. Boma la Mzee Mugambi, baba yake Makena, lilioneshwa na wa kwanza tuliyemuuliza. Tulimkuta anakata mkungu, panga mkononi, na sikufurahia hilo panga. Mama alimsalimu kwa Kimeru, "Muga," naye akaitikia, akatuletea viti, na mimi nikasimama kwa sababu mama alinikanyaga. Mimi nina utani wa kila kitu. Nimefanya dipti acheke akinipa adhabu. Pale nilisema, "Mimi ndiye wa maua ambayo hayakuja," na sauti yangu mpya nzito ikakatika katikati kama ya kuku.

Makena alitoka jikoni akijifuta mikono. Alinitazama kutoka viatu kwenda juu. "Wewe ndiye 'Tulia, maua yako njiani'?"

"Ndiyo."

"Nilitulia," akasema. "Shangazi alisema tununue hata ya karatasi, nikamwambia hapana, wameandika yako njiani."

Mzee hakutuambia kwamba si neno. Alitaja kila kitu, kwa hasira ya mtu aliyeingoja nafasi. Kwamba Makena alipofungua ukurasa huo walikuwa wamekaa na watu wa kanisa wakiomba, na simu ikaanza kupiga dansi yenye honi, na padri akafumbua jicho moja. Kwamba aliona sehemu ya kuomba msamaha na akadhani wamekosea wamefungua mambo ya walevi. Kwamba emsii alipoita watoto, mdogo wa mwisho alikimbilia kwenye ua akakwanyua boganvilia, ile ya zambarau, yenye miiba, na wengine wakamfuata, wakaja kaburini na matawi, mikono inatoka damu. "Mke wangu hakupenda boganvilia," akasema. "Alitaka niikate. Sasa imekuwa ndiyo maua yake."

Mama alingoja mpaka amalize kupumua. Kisha akauliza, kana kwamba ameshika simu, "Na mwenyewe alipenda meupe gani?"

Makena ndiye aliyejibu, kwamba alipenda lili zinazoota kule kwenye mfereji, alikuwa akizivuna Jumamosi na kuzipeleka kanisani ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia. Mama akafunua lile gazeti. Zilikuwa lili, zimepangwa bila ribeni, kubwa nje na ndogo katikati. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo haujashuka bado, na matawi ya boganvilia yamekauka juu yake. Nilitaka kuyaondoa, mama akanishika mkono, akaliweka shada pembeni mwa matawi. Tukarudi tukala ndizi za kupikwa na chai. Mzee hakuniongelesha tena, ila aliponipitishia kikombe alinipa chenye mpini mzima, na chake hakikuwa na mpini. Wakati wa kuondoka akaiomba namba ya mama. Mama akaitaja, yeye akaiandika kwa mkaa ukutani, juu ya mlango, akamwambia siku moja ataipiga aone.

Amechukua miaka miwili kuipiga. Jumamosi iliyopita alipoingia dukani alitaka shada la mahafali la Makena, na akaulizwa maswali matatu kana kwamba hajulikani, na kwenye la tatu akasema, "Si unajua." Mama akampa lili. Mimi alinitazama kwenye kioo cha kinyozi, nikiwa watatu, akasema, "Huyu bado ako," na Wawira akasema, "Ako, tumeshindwa kumtupa."

Watu huniuliza sasa, na wapo, mmoja ana duka la keki na mwingine anauza matofali, tovuti nzuri ya duka inakuwaje, na wanataka nitaje rangi na programu. Huwa nakasirika kwa sababu jibu nilipewa bure na mtu aliyelowa aproni, na nililipata kwa kuchelewa. Tulishuka mjini jioni ile kutoka Mitunguu, tukakuta saiba ya Bwana Muriuki bado iko wazi. Nilikuwa nimejiandaa kuifuta tovuti yote, nimeshajiambia nitafanya kitu kimoja cha kiume mwaka ule. Nikaketi kwenye kompyuta isiyo na E, petali zikaanza kuanguka, honi ikalia, nikaweka kidole nikamwambia mama afunge macho, naiua. Mama akauondoa mkono wangu kwenye kitufe. Alikuwa na vumbi la Mitunguu mpaka kwenye nyusi. Akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Usiiue. Toa hiyo kelele. Toa hizo maua za wenyewe, uweke zangu, hata kama ni ndoo moja. Andika jina iko kwa bango. Halafu namba yangu uiweke juu kabisa, na uiandike kubwa, Ireri, hata mtu akiwa analia aione."